Niliibadilishia kahawa vyombo, maji na mtindo, chumvi ikabaki pale pale

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimekuwa msomaji wa kimya miaka mingi, nacheka na visa vyenu, nabonyeza like, naenda zangu. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenitokea na hadi sasa kichwa hakijakaa sawa. Yote yamenipata mimi mwenyewe, jikoni kwangu, na atakayebisha nitamtumia picha ya vyombo. Nyumba yangu sasa inafanana na maabara ya shule.

Mods, tafadhali uzi huu msiuhamishie jukwaa la mapishi. Huu si uzi wa mapishi. Ama pengine ni wa mapishi. Sijui.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa Kirinyaga, mtoto wa kahawa. Nilizaliwa katikati ya mibuni, karo yangu ya shule ililipwa na mibuni, na viboko vingi nilivyochapwa utotoni vilikuwa vya kuvunja matawi ya mibuni. Sasa niko Mombasa mwaka wa sita. Kazi yangu ni ghala la mizigo kule Changamwe, lakini napanga Kisauni kwa sababu huko nilipata nyumba yenye upepo na landlady mwenye roho nzuri. Anaitwa Bi Zuhura. Anakaa chini, mimi niko juu, na juu yangu kuna paa la saruji la kuanika nguo.

Hilo paa mlikumbuke.

Sasa, kitu ambacho watu wa pwani huwa hawaamini nikiwaambia: nyumbani kwetu hatukuwahi kunywa kahawa. Hata siku moja. Tulikuwa tunaichuma, tunaibeba kwa gunia hadi kiwandani, inapimwa, tunarudi nyumbani tunakunywa chai. Kahawa ilikuwa kitu cha watu wengine. Marehemu baba aliipanda kwa mikono yake, akaipogoa miaka yote, na alizikwa bila kujua ladha yake.

Mimi nilianza kunywa huku. Bosi wetu alileta mashine ndogo ofisini, nikaonja, nikanasa. Mkuu, ukishanasa umekwisha. Nikanunua French press, ile chupa ya kioo yenye chujio la kusukuma chini. Nikanunua grinda ya mkono. Nikanunua mizani inayopima hadi gramu moja, na kipimajoto cha maji. Kila jioni natazama video za watu wenye ndevu wakimimina maji kwa mduara.

Majirani wakasema nimeingia kwenye kikundi cha dini mpya.

Hadi hapo ilikuwa raha tu. Mambo yaligeuka mwezi ule mama aliposema anakuja.

Kuja kwake kulikuwa na sababu mbili. Magoti yanamsumbua na daktari alimwambia joto litamsaidia. Hiyo ndiyo sababu ya kuwaambia watu kanisani. Ya pili ni kwamba kaka yangu mkubwa, Njogu, anataka kung'oa kahawa yote apande avokado. Shamba ni la mama. Neno ni la mama. Akakimbia huku wiki mbili ili afikirie bila Njogu kumpigia hesabu za avokado kila mlo. Tingatinga na miche vilikuwa vinakuja Jumatatu ya wiki ya pili, na mama alitakiwa kutoa jibu kabla ya hapo.

Wakuu, mimi sikutaka ile mibuni ing'olewe. Nisiwadanganye, silimi, sipalilii, sina haki ya kusema lolote. Njogu ndiye anayeinama pale. Lakini ni mikono ya baba iko kwenye ile mistari. Sikutaka hata kufikiria tingatinga linaingia mle.

Ndipo nikapata wazo. Nikamwambia mama kwa simu, "Ukija, niletee kahawa ya nyumbani. Ya miti yetu."

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nitamtengenezea kikombe kimoja kizuri, cha kutoka miti ya mumewe. Akionja, ataelewa ni nini kile alichokuwa akibeba mgongoni miaka yote. Hatakubali kung'oa.

Kikombe kimoja tu.

Mama akafika Alhamisi, miguu imevimba kwa safari, na kifuko cha kilo tatu hivi kwenye kikapu, chini ya ndizi. Akanipa kwa aibu. "Ni mbuni tu," akasema.

Kwa wasiojua: mbuni ni ile kahawa inayobaki mwisho wa msimu, iliyokaukia mtini, ambayo haikuoshwa kiwandani. Inakaushwa na ganda lake. Ndiyo daraja la chini kabisa. Ile nzuri yote inaenda kiwandani, haibaki hata punje. Mama alikuwa ameikoboa kwa kinu na kuipepeta, lakini bado ilikuwa na vumbi na vipande vya maganda.

Mimi sikujali. Watu wenye ndevu wanaisifu sana kahawa ya namna hiyo.

Kabla hajakaa vizuri nikampa sheria za nyumba, zile za kila mtu wa Kisauni. Nikamwonyesha mfereji nikamwambia, "Mama, haya maji ni ya kisima, yana chumvi. Ni ya kuosha: vyombo, nguo, kuoga, sakafu. Ya kunywa na kupikia ni haya ya mtungi, yanaletwa na mkokoteni." Akaitikia kwa kichwa. Mama yangu ni mtu wa kufuata sheria.

Ijumaa nilikuwa na off. Asubuhi yeye akiwa bado amelala nikakaanga viganja vitano vya ile mbuni kwenye sufuria, ikaanza kualika kama bisi, nikaitoa ikiwa rangi ya hudhurungi. Nikasaga kidogo. Gramu kumi na tano, maji ya mtungi, dakika nne. Nikasukuma chujio, nikaonja.

Wakuu.

Nilikaa chini. Ilikuwa tamu yenyewe bila sukari, na nyuma yake kuna kitu kama zambarau mbivu. Nilisikia uchungu wa moyo, ukweli ni huo. Nikamfikiria baba. Miaka yote ile, na hiki kitu kilikuwa nyuma ya jikoni.

Mama alipoamka akaomba chai. Sikumlazimisha. Nikasema nitamtengenezea siku nikiwa na muda, aone kila hatua kwa macho yake, kuanzia kukaanga. Ile niliyokaanga nikaitia kwenye chupa, nikaipeleka ofisini, nikaiweka droo.

Jumamosi hadi Jumatatu nilikuwa shift. Natoka alfajiri, narudi jioni, mama nimemwacha na Bi Zuhura. Hao wawili walielewana siku ya kwanza, ingawa Kiswahili cha mama ni kile cha kuuliza njia tu. Wanakaa nje wanachambua mchicha. Nikirudi namkuta mama anacheka, na mimi roho kwatu.

Jumanne nikatoka mapema. Nikamkalisha mama jikoni kwenye kiti cha plastiki. Nikakaanga mbuni mbele yake (niliona imepungua maganda, nikadhani ameipepeta tena), nikasaga, nikapima, nikaeleza kila kitu kama mwalimu. Yeye anatazama mizani. "Unaipima kama dhahabu," akasema.

Nikammiminia. Nikajimiminia.

Nikaonja, na sikuelewa kilichotokea mdomoni.

Ilikuwa na chumvi! Sio uchachu, sio uchungu wa kuungua. Chumvi, kama supu ya mifupa iliyosahaulika.

Nikamtazama mama. Alimeza. Akanywa tena. Akasema, "Ni nzuri, mwanangu." Akakiweka kikombe chini taratibu, akakifunika na kisosi.

Hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Jambo la kwanza lililonijia ni maji. Nikamshuku jamaa wa mkokoteni, kwamba amenichanganyia maji ya kisima. Kesho yake nikamsubiri mlangoni, nikamuuliza kwa ukali kidogo. Akanitazama, akafungua mtungi, akanywa mbele yangu mpaka yakamwagika kifuani. "Onja mwenyewe, bosi." Nikaonja. Matamu. Nikaomba radhi, na tangu siku hiyo akinipita ananiita Inspekta.

Sawa. Nikafikiria tena. Vyombo! French press naiosha na maji ya mfereji. Kioo kinabaki na chumvi, chujio linabaki na chumvi. Nilijiona nimepata jibu, nikapiga meza. Nikanunua maji ya chupa, nikaisuuza mara tatu, nikafuta na kitambaa kipya. Jumatano jioni, mama kwenye kiti chake, mimi na mizani yangu.

Chumvi.

"Ni nzuri," mama akasema. Kisosi.

Sasa kinachonichanganya zaidi ni hiki. Ofisini, ile kahawa iliyo kwenye droo, mbuni ile ile, kutoka mfuko ule ule, inatoka safi kabisa. Wenzangu wanaomba. Jamaa mmoja wa kaunta alisema hajawahi kunywa kitu kama hicho. Nikisaga ofisini, zambarau. Nikisaga nyumbani, supu.

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini sikuileta ile chupa nyumbani nikalinganisha? Wakuu, hata mimi najiuliza. Kichwani kwangu kahawa ilikuwa moja, mfuko mmoja. Haikunijia kabisa kwamba mfuko mmoja unaweza kuwa na kahawa mbili.

Badala yake nikaanza kuishuku nyumba. Upepo wa bahari. Sufuria. Gesi. Nikafikiri labda nakaanga muda mrefu, nikapunguza: ikatoka chumvi yenye ladha ya nyasi. Nikaongeza: chumvi yenye ladha ya makaa. Nikasaga nene, nikasaga laini. Nikapunguza joto la maji. Alhamisi nikanunua kifaa kingine, ile koni unayowekea karatasi na kumimina maji kwa mduara, nikiwa na matumaini ya kijinga kwamba karatasi itachuja chumvi. Nilimimina kwa ustadi wangu wote, mkono hautetemeki, mduara kwa mduara.

Ikatoka chumvi iliyochujwa kwa ustaarabu.

Kuna wakati nikafikiri ni ulimi wangu. Nikaonja ndizi, ndizi. Nikaonja chai ya mama, chai. Nikampa kikombe jirani wa mlango wa pili, akaniuliza kama nimetia Royco.

Na kila jioni mama anakunywa. Hajakataa hata siku moja. Anafunga macho kidogo, anameza, anasema ni nzuri. Mnajua mama anapokula chakula ulichounguza? Uso ndio huo.

Alhamisi hiyo hiyo, baada ya ile ya koni, alikifunika kikombe na kisosi. Kisha akasema kwa lugha yetu, pole pole, "Sasa ndiyo nimejua kwa nini baba yako hakuwahi kuileta mezani."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia sivyo, mama, hii siyo. Lakini ningesema ni nini? Ningemwambia kuna kahawa nyingine tamu iko ofisini, ya miti hiyo hiyo, na sijui kwa nini nyumbani inaharibika? Ningeonekana mwendawazimu. Nikaosha vikombe.

Ijumaa nikiwa napanda ngazi nikamsikia anaongea na Njogu kwa simu. "Waambie waje tu hiyo Jumatatu. Mimi nimefikiria. Ni vizuri tu."

Nilibaki kwenye ngazi nimeshika mfuko wa nyanya. Kwa hiyo ni mimi. Njogu na hesabu zake alishindwa miezi mingi kumshawishi, mimi nimemshawishi kwa siku nne.

Jumamosi sikuwa na kazi na sikuwa na hamu ya kitu. Baada ya swala ya alasiri Bi Zuhura huwa anapika kahawa yake mwenyewe uani. Sio biashara, ni ya kwake na mashoga zake. Nikashuka kumsalimia, mkononi nimeshika bakuli la kahawa niliyokaanga asubuhi, bado naikodolea macho kama itaniambia kitu.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekunjamana? Una nini?"

Nikamweleza yote. Mizani, joto, koni, maji ya chupa. Alinisikiliza kwa upole sana, kama mtu anayesikiliza ndoto ya mgonjwa. Nilipomaliza akanyoosha mkono. "Hebu lete."

Sikujua anataka nini. Akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akaitafuna.

Akaitema.

"Wee Murimi! Buni yenyewe ina munyu!" Akachukua nyingine, akatafuna, akatema. "Wallahi imekolea. Maji yamekukosea nini? Chumvi imo ndani ya buni. Mumeichovya baharini?"

Wiki nzima, wakuu. Mizani ya gramu, kipimajoto, video za ndevu. Sikuwahi kutafuna punje moja.

Mama alikuwa amekaa pale kwenye mkeka anachambua mchele. Kiswahili chake ni kidogo lakini neno "chumvi" analijua. Akainua uso. Akanitazama mimi, akatazama bakuli, akatazama juu kwenye paa.

"Ile niliyoiosha?" akauliza.

Nikamuuliza uliosha nini.

Akanieleza. Mnisamehe, hapa nitaenda pole pole. Ijumaa ile alipoamka aliuona ule mfuko umefunguliwa, na mizani yangu ya kupimia, na vyombo vyangu vya kioo vinavyong'aa. Akaona ile mbuni yake yenye vumbi na maganda imekaa katikati ya vitu vizuri. Akaona aibu. Alisema, "Baba yako hangekubali upime mbuni chafu." Kwa hiyo nilipoenda kazini Jumamosi akafanya kile anachokijua kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu. Akaiosha kama kiwandani. Akachukua beseni, akaipandisha paani pamoja na magoti yake hayo, akaisugua, akatoa maganda, akabadilisha maji, akailoweka usiku kucha, akabadilisha tena asubuhi. Kisha akaianika juu ya leso Jumapili na Jumatatu, akiigeuza kila saa, akichagua mbovu moja moja.

"Kwa maji gani, mama?" Nilijua jibu kabla sijamaliza swali.

Akanishangaa. "Ya mfereji. Si uliniambia ni ya kuosha?"

Bi Zuhura alicheka mpaka akashika mbavu. Mama naye akaanza kucheka bila kuelewa vizuri, kisha akaelewa, kisha akaacha kucheka. Akaziba mdomo kwa mkono. "Nimekuharibia kahawa yako."

"Na wewe ukawa unaniambia ni nzuri!"

"Nilifikiri ndivyo kahawa ilivyo. Nilifikiri ndivyo Wazungu wanavyoipenda."

Sijui kama niliwahi kumpenda mama yangu kama dakika ile. Wala sijui kama niliwahi kukasirika vile. Yote mawili yalikuja pamoja na sikujua lipi nilishike. Zile kilo tatu za miti ya baba zote zilikuwa zimekunywa maji ya kisima cha Kisauni, na Jumatatu tingatinga linaingia.

Ndipo nikakumbuka droo.

Nilienda Changamwe na kurudi nikiomba Mungu njia nzima, maana wenzangu nilikuwa nimeshawaambia wajisikie huru. Walijisikia huru kweli. Nilikuta chini ya chupa imebaki kiasi cha kikombe kimoja kikubwa. Nilipoifikisha nikateremsha mizani uani, nikaipima: gramu ishirini na mbili. Kahawa yote safi ya miti ya baba iliyobaki Mombasa nzima.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Nimefika uani, nimeshika chupa, na ninataka kupanda juu nikawashe kettle, nitoe koni, nifanye pour over. Kikombe changu kimoja kizuri. Bi Zuhura akaniambia nipe hapa. Alikuwa ameshawasha makaa, tangawizi ameshaiponda, birika lake la shaba la kahawa limesuguliwa linang'aa.

Nikakataa. Nikamwambia, Bi Zuhura, hii kahawa haitaki tangawizi, tangawizi itaua zambarau.

"Zambarau gani mwanangu? Nani ametia zambarau?"

Tukabishana, kwa heshima lakini tukabishana. Mimi nasema mama lazima aonje kahawa yenyewe, tupu. Yeye anasema kahawa bila tangawizi ni dawa ya hospitali. Mwisho nikamgeukia mama nikamuuliza kwa lugha yetu anataka ipi, nikijua atanichagua mimi mwanawe.

Mama akasema, "Mpe huyu mama."

Iliniuma, sifichi. Nilikabidhi ile chupa kama mtu anayekabidhi simu kituo cha polisi.

Bi Zuhura hakupima chochote. Aliitia kinuni. Mama akanyoosha mkono, akachukua mchi, akaanza kutwanga yeye, kwa mdundo ule ule niliousikia utotoni akitwanga mahindi. Harufu ikapanda. Niliona pua yake inatanuka. Aliacha kutwanga, akainama juu ya kinu, akakaa hivyo.

"Ni hii?" akaniuliza.

"Ni hiyo, mama."

Maji yalikuwa ya mtungi. Niliyaonja kwanza, mara mbili.

Ikachemka, ikapanda, akaishusha, ikapanda tena. Vikombe vidogo visivyo na mkono, na sahani ya tende. Bi Zuhura akamwambia mama atafune tende kwanza. Mama akatafuna. Akanywa.

Hakusema ni nzuri. Alinyoosha kikombe aongezwe.

Mimi nilionja changu. Zambarau haikuwepo, wakuu, tangawizi iliimaliza kama nilivyosema. Lakini ilikuwa kahawa tamu kiasi kwamba nami nilinyoosha kikombe. Mama alikunywa vikombe vitatu. Cha tatu alikishika kwa mikono miwili, akamtaja baba kwa jina, jambo ambalo hafanyi. "Angekaa hapa angekunywa hadi giza," akasema. Machozi yalimlenga, mimi pia.

Nikajua nimeshinda.

Akaomba simu. Nikampigia Njogu, nikaweka sauti kubwa.

"Njogu. Hiyo Jumatatu wanakuja?"

"Wanakuja, mama."

"Waambie wang'oe."

Wakuu, nilidhani sijasikia vizuri.

"Lakini ile mistari miwili nyuma ya jikoni wasiiguse," akaendelea. "Ile baba yako alipanda kwanza."

"Ya nini, mama? Mistari miwili kiwanda hakiwezi hata kuja kuchukua."

"Si ya kiwanda," mama akasema. "Ni ya kunywa."

Akakata. Akachukua tende nyingine.

Baadaye nilimuuliza kwa nini. Si umeonja? Si umeona ilivyo tamu? Akanijibu kwamba ndiyo maana. Magoti yake yalikwisha kwenye kile kilima kwa kubebea watu wengine kitu asichokijua. Sasa amekijua. Hana haja ya kubeba tena, ana haja ya kunywa. Alisema kama jambo la wazi kabisa, na Bi Zuhura akatikisa kichwa kukubali, kama wamepanga.

Mimi hadi leo sielewi kama nilishinda au nilishindwa. Shamba la baba limeng'olewa, nimetumiwa picha, nimeitazama mara moja na sitaki tena. Na kwenye picha hiyo hiyo, kando kabisa, karibu na ukuta wa jikoni, kuna mistari miwili ya kijani.

Mafunzo niliyopata, kama yanaweza kuitwa mafunzo. Kabla hujanunua kifaa, tafuna punje. Ukimpa mzazi wako sheria, malizia sentensi. Na usimpikie mtu kikombe huku umeshamwandikia jibu, kwa sababu anaweza kukionja akaelewa kitu ambacho wewe hukukitia mle.

Zile kilo za chumvi bado ninazo. Siwezi kuzitupa. Kuna siku nilizionja tena, na chini ya chumvi kabisa nadhani nilisikia zambarau, lakini siwezi kuapa.

Wataalamu wa kahawa humu, karibuni mnipe maoni, hata ya kunicheka. Mlio na wazazi wakulima, nyinyi mngefanyaje? Ningenyamaza tu akanywa chai yake, ile kahawa ingekuwa bado imesimama? Ama ingeng'olewa yote?

Na mwenye kujua anisaidie hili pia. Jana mama amenipigia kutoka Kirinyaga. Anataka kujua birika kama la Bi Zuhura linauzwa wapi, na kama tangawizi inaweza kuota kwenye baridi ya kule. Anasema ataipanda katikati ya ile mistari miwili.